Gari Lisilozimwa

Fundi hakuwa akimwamkia mtu kabla hajaliamkia gari. Ukifika kwake Wawi, hapa Pemba, na gari linanguruma, atakupita wewe na salamu zako, azunguke nyuma, ainame kwenye bomba la moshi na avute pumzi ndefu, kama mpishi anayenusa chungu kujua chumvi imekolea. Akimaliza hapo ndipo anageuka, anafuta mikono kwenye suruali ambayo nayo ilikuwa chafu kuliko mikono, na anasema: "Waalaykumu ssalaam, Mama Rukia. Nani wa mwisho kuligusa?"

Swali hilo alimuuliza kila mtu, awe dereva wa gari la abiria au shehe aliyekuja na pikipiki yake. Kujua gari linaumwa nini hakuwa na haja nako. Ukimwambia, "Fundi, mimi naona ni pampu," anakukata kauli palepale: "Mie sikukuuliza lina nni. N'nakuuliza nani kaligusa." Kwake yeye gari halikuwa likiharibika lenyewe, lazima kuna mkono ulioingia pasipouhusu. Na mara nyingi alikuwa anapata. Alishagundua shemeji aliyekaza nati mpaka ikakatika ndani, na dereva aliyefunga filta kwa kamba ya mwani akanyamaza kimya. Watu walikuwa wakikiri mbele yake wenyewe, hata kabla hajafungua boneti.

Mimi nilikuwa mteja wake kwa sababu ya gari alilotuachia marehemu mume wangu, gari la mizigo la zamani, la Kijapani, lenye bodi ya mbao. Nilikuwa nikikusanya mwani kwa wanawake wenzangu wa pwani na kuupeleka ghalani mjini Chake. Dereva wangu alikuwa Khatibu, mdogo wangu wa tumbo moja. Tulikaa na gari lile miaka, na Fundi tulikaa naye miaka hiyo hiyo, hata ikawa siwezi kuhadithia moja nisimhadithie mwengine.

Gereji yake haikuwa na ukuta wala mlango. Ilikuwa kibanda cha makuti juu ya mteremko, na mteremko ule ulikuwa nusu ya ufundi wake. Magari yote yalipangwa yakitazama chini. Akimaliza kazi, hapotezi wakati kugeuza ufunguo kusikiliza starta. Anapiga kofi mlangoni na kusema, "Lachieni!" Gari linaachwa literemke, dereva anatia gia ya pili, na likifika karibu na shamba la muhogo linashtuka na kuwaka. Siku moja nilimuuliza kwa nini hajaribu starta kama mafundi wengine. Akacheka. "Starta ni za watu wa Unguja," akasema. "Siye tunateremka."

Kutoka kwenda kuangalia gari la mtu, hilo alikataa kabisa. Hata liwe limelala barabarani na mizigo ya harusi juu yake, atakwambia, "Mie si nkunga wa kuitwa majumbani. Liletwe." Basi linaburutwa kwa kamba mpaka Wawi, watu wanatokwa jasho na matusi, yeye anawangoja kibandani na birika lake la kahawa. Kahawa yenyewe alikuwa hamnyimi mtu. Spana zake ndizo alizozificha ndani ya pakacha na kuzifunika kwa kitambaa, na ukigusa pakacha anaacha anachofanya na kukutazama mpaka uondoe mkono.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na nadhani ndiyo yaliyonifanya nimvumilie. Saa za sala hazikumpita hata mara moja. Adhana ikilia anasugua mikono kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka kucha zinang'aa, anaacha injini matumbo wazi na kwenda zake. Lakini ahadi ya gari, la. Kwake "kesho inshaallah" ilikuwa ni jina la siku isiyofika. Na mtu huyu aliyejua gari ndani na nje hakuwa akiendesha. Alipanda baisikeli. Nilimuuliza kwa nini, akasema magari aliyajua mno hata hakuyaamini.

Tena alikuwa anaogopa bahari. Mpemba mzima, anaogopa bahari! Kulikuwa na watu wa Makoongwe waliokuwa wakimbembeleza akawatazamie mashine ya boti yao. Wakamwambia kisiwa hicho hapo, ukisimama bandarini Mkoani unawaona watu wake wanavyotembea. Akawajibu, "N'nawaona, na wao wananiona. Yatosha." Mashine ikaletwa Wawi, imefungwa gunia, kama mgonjwa.

Injini ya gari langu ya mwanzo ilikuwa ya petroli, na ilikufa muda mfupi baada ya mume wangu. Nilikuwa bado ndani ya eda, Khatibu ndiye aliyekuja kunipa habari, na nikasema liuzwe, sina nguvu ya kuzika viwili. Fundi akaniletea ujumbe kwa mdogo wangu kuwa nisiuze. Kulikuwa na injini ya dizeli ya basi dogo, imekuja na meli ya mizigo kutoka bara, na yeye ameshaipima kwa njiti ya ukuti na ameona itaingia. Haikuingia. Alikata vyuma, akachomelea vyengine, akasogeza gia boksi nyuma, akatengeneza vikalio vipya vya mpira vya kuikalisha injini, kutoka tairi kuukuu. Siku lilipowaka, lilipofika kule kwenye muhogo na moshi mweusi ukapanda, watu walipiga takbiri. Fundi alikwenda kutawadha wakati saa ya sala haijafika, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Hili sasa babake ni mie," akaniambia.

Na lilikwenda vizuri, sitamnyima haki yake. Lilipanda vilima vya Ole na mzigo wa muhogo juu ya mwani, na halikulalamika.

Kilicholiumiza ni mwani wenyewe. Magunia yalikuwa yakipakiwa mabichi, maji ya chumvi yakichuruzika kati ya mbao usiku na mchana, na chesisi, mifupa ya chuma ya chini ya gari, ikaanza kubanduka maganda. Fundi alipoiona alitukasirikia kama tumemtesa mtoto. Sasa, kakake alikuwa mpaka rangi wa mashua na majahazi, na huyu aliyeogopa bahari alikuwa na imani kubwa na dawa za baharini. Akasema gari hili linabeba bahari, basi litunzwe kama chombo. Akalikalia chini siku nyingi. Akafungua kila nati na kila waya uliogusa chesisi, akakwangua kutu, akapaka rangi ya buluu ya mashua, mkono juu ya mkono, hakubakisha pa kupita sindano. Ilipokauka akarudisha kila kitu mahali pake, kisha akapaka sifa juu yake, yale mafuta ya papa. Lilinuka! Tukisimama popote Chake, paka wote wanakuja kukaa chini ya gari. Khatibu alikuwa anapiga honi kwanza ili wasiuawe na magurudumu, na watu wakatuita gari la paka. Lakini chesisi haikuliwa tena, na Fundi akiliona anapitisha mkono chini yake na kutabasamu.

Sikumbuki lilianza lini kusumbua. Halikuanza siku moja. Kwanza lilikuwa linazunguka kivivu asubuhi, starta ikinguna kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Halafu likawa haliwaki likiwa na moto. Halafu silensa, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, ikapotea. Mara injini inapanda yenyewe na kupiga makelele, mara inashuka mpaka gari zima linatetemeka na kutaka kufa. Khatibu alikuwa anaweka jiwe hapa, mguu pale, na hazimi. Hicho ndicho kilichotuchosha kuliko vyote, kwamba hatukuweza kulizima. Tunapakia, linanguruma. Tunashusha, linanguruma. Khatibu anakula wali wake kwenye usukani. Likizimika pasipo mteremko, tunaanza kutafuta watu wa kusukuma, na watu wa njia ile walishatujua. Wakituona tumesimama, barazani panakuwa hapana mtu.

Siku moja tulichukua jeneza kutoka hospitali kulipeleka kijijini. Hatukuthubutu kuzima. Watu wanazika, gari linatetemeka nje ya makaburi. Katikati ya talakini anayosomewa maiti injini ikapanda peke yake na kunguruma hata sauti ya shehe ikazama. Akanyamaza, akangoja, ikashuka, akaanza tena, ikapanda tena. Mtu akatumwa kuja kutuambia tuzime. Khatibu alimtazama tu, machozi yakimlengalenga, akasema, "Nikizima, tutalala hapa." Nilitamani ardhi ifunguke pale pale penye watu wanaofungua ardhi. Sikuenda pwani siku mbili tatu kwa aibu.

Kila mara tulilipeleka Wawi. Fundi ananusa moshi, anauliza swali lake, anafungua. Akabadilisha filta, akabadilisha betri, starta ikashushwa na kupandishwa, nozeli zikasafishwa, pampu ikafunguliwa juu ya kanga yangu kuukuu. Na kila akimaliza, anapiga kofi mlangoni. "Lachieni!" Linateremka, linawaka, linanguruma vizuri. Tunashukuru, tunaondoka. Tukifika nyumbani Ole, penye uwanja tambarare, ugonjwa uko palepale. Nilikuwa nikimwambia, na yeye akinitazama kama namsingizia. "Hapa likawaka," anasema. "Weye umeona kwa macho yako."

Mwisho akaanza kumtazama Khatibu. Ikiwa gari linapona mkononi mwake na kuugua likifika kwetu, basi kuna mkono. Siku hiyo pale kibandani palikuwa na watu wengi wakinywa kahawa. Akamuuliza Khatibu mbele yao, "Nani wa mwisho kuligusa?" Khatibu akajibu, "Wewe, Fundi." Watu wakacheka, na kicheko kile kilimuuma Fundi. Akasema kwa sauti ya juu kwamba kuna watu wanafungua skrubu za pampu wasizozijua, halafu wanalitupia lawama jina lake, na kwamba anayeharibu kazi ya mwenziwe ni mwizi kama mwizi mwengine. Khatibu akaapa kwa jina la Mungu kuwa hajagusa. Fundi akamgeuzia mgongo.

Hatukurudi Wawi tena. Tuliendelea kuburuza gari hivyo hivyo kwa muda, mwani ukinyeshewa mvua njiani na kuoza, wanawake wenzangu wakinitazama bila kusema kitu, na kutosema kwao kulinichosha zaidi. Khatibu hakuwa yule tena. Akipita Wawi anatazama upande wa pili. Asubuhi moja akalisimamisha uwanjani kwangu, akalizima kwa makusudi, akanitia ufunguo mkononi. "Dada, nimechoka," akasema. Alikwishapata kazi ya kuendesha gari la mtu Mkoani. Sikumlaumu. Nikapeleka neno kwa watu wa chuma chakavu, wakasema watakuja baada ya Ijumaa kulikata.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi, nimekaa uani namenya muhogo, nikasikia mtu anabisha hodi kwa sauti ninayoijua. Alikuwa Fundi. Amekuja kwa miguu, anaikokota baisikeli, amevaa kanzu nyeupe na kofia. Sikuwahi kumwona ndani ya kanzu isipokuwa siku ya Idi. Gari lilikuwa palepale mbele yake, na yeye alilipita, akaja mpaka nilipokaa.

"Assalaamu alaykum, Mama Rukia."

Aliniamkia mimi kwanza. Nikajua kuna jambo limekwisha.

"Waalaykumu ssalaam, Fundi. Karibu kitako."

Hakukaa. "N'nakuja kukuaga," akasema. "Mwanangu wa Unguja kanambia n'ende nikakae naye. Macho haya hayana kazi tena, n'naona ukungu tu. Basi nazunguka kwa watu, n'nataka radhi. Magari mengi n'meyashika, na mengine n'meyaharibu."

Ni ada yetu, mtu akisafiri anapita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, na jibu lake kila mtu analijua. Mimi jibu halikunitoka. Nilishika kisu na muhogo na nikamtazama. Nilimwonea huruma kwa safari ya bahari iliyokuwa mbele yake, na nilimkasirikia kwa ndugu yangu, na nilikuwa nimechoka kwa vyote viwili.

Akangoja. Kisha akageuza uso upande wa gari. "Bado liko?"

"Linangoja watu wa chuma chakavu."

Aliinamisha kichwa. "Lipige starta."

"Haliwaki, Fundi. Hapa hapana mteremko."

"N'najua. Lipige tu."

Nikachukua ufunguo ukutani, nikapanda. Yeye akafungua boneti na, kwa kuwa haoni vizuri, akaanza kupapasa kitu kimoja kimoja kwa vidole. Nikageuza ufunguo. Starta ikanguna, ikazunguka kivivu, ikakaa. "Tena," akasema. Nikageuza tena. "Tena." Mara ya tatu nikamsikia anapiga ukelele. Nikashuka mbio, nikidhani amekatwa na feni. Alikuwa ametia vidole mdomoni.

"Waya wa mafuta waunguza," akasema.

Ule ni waya unaotoka kwenye pedeli kwenda kuvuta mafuta kwenye pampu. "Injini haijawaka," nikamwambia. "Utakuunguzaje?"

"Ndo n'najiuliza mie."

Halafu, na kanzu yake nyeupe, akalala chini juu ya mchanga na kuingia chini ya gari. Nilisikia anapapasa. Alikaa huko muda, na alipotoka hakuinuka. Alikaa pale pale kwenye mchanga, kofia imeanguka.

"Mama Rukia," akasema. "Nani wa mwisho kuligusa?"

Nilidhani anaanza yale yale. "Fundi, mambo ya Khatibu sasa yaishe."

"Si Khatibu." Akatikisa kichwa. "Mie."

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake. Injini imekaa juu ya mipira, haigusi chuma. Umeme wa starta ukishafanya kazi unataka njia ya kurudi kwenye betri, na njia yake ni mkanda wa waya unaofungwa kutoka injini hadi chesisi, waya wa ethi. Yeye aliufungua mkanda ule siku ya rangi, akapaka chini yake buluu ya mashua mikono kadhaa, na akaufunga juu ya rangi. Mwanzo ile bolti ilikuwa ikigusa chuma kidogo, umeme ukapita. Maji ya mwani yakala hata hicho kidogo. Umeme ukakosa njia, ukapita kwenye waya wa mafuta, ukauchoma mpaka ukawa unakwama ndani ya ganda lake. Starta inakosa nguvu kwa hilo. Silensa inapanda na kushuka kwa hilo hilo.

"Na kule kwangu," akasema, "sikuipiga starta hata siku moja. N'liliteremsha."

Akaniomba kisu. Nikampa kile nilichokuwa nikimenyea muhogo. Akaingia tena chini, akakwangua, na maganda ya buluu yakaanguka mchangani, bado yana harufu ya papa. Alipomaliza mkanda akarudi mbele, akautia waya wa mafuta tone la mafuta na kuuvuta huku na huku mpaka ukalegea. "Lipige," akasema.

Liliwaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Na likatulia. Nilikuwa nimesahau kwamba gari lile lina mngurumo wa kawaida. Nilisikia kuku wangu wakiparura nyuma ya nyumba.

Furaha haikunijia. Ilinijia hasira, kubwa kuliko zote za miaka ile. Mwani uliooza, watu waliotukimbia barazani, shehe aliyenyamazishwa makaburini, vyote kwa mahali pa upana wa kidole gumba. Nikamwambia pale pale kutoka kitini, "Fundi, ulimwita ndugu yangu mwizi mbele ya watu."

"N'limwita."

"Akaapa."

"Kaapa, na mie sikunsadiki." Alikuwa ameshika kofia kwa ule mkono usioungua. "Boti yatoka Mkoani. N'tampitia kwanza. Asiponipokea, boti itaondoka bila mie, n'tangoja nyengine."

Gari likanguruma kati yetu. Kisha akasema, "Lizime."

Mkono wangu haukutaka. Muda wote ule tulijifunza jambo moja tu na gari hili, tusilizime. Uwanja ni tambarare. Hapana mtu wa kusukuma isipokuwa mjane na mzee asiyeona. Likikataa kuwaka, watu wa chuma chakavu watalikuta palepale.

"Lizime, Mama Rukia. Uliwashe mwenyewe, mie nikiwa hapa."

Nilimtazama, kanzu imejaa mchanga na mafuta, vidole vimevimba, macho yanatafuta nilipo na hayanioni. Hakurudia ombi lake lile la kwanza, la radhi.

"Nimekuwia radhi, Fundi," nikasema, na nikalizima.